Kabla hujaitupa besi yako, nitazamie shingo

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa kwaya aliingia bandani kwangu na gitaa la besi lililoviringishwa kwenye shuka. "Shikamoo fundi." Marahaba. Akalilaza juu ya meza taratibu, kama anayemlaza mgonjwa. Vidole vinamuuma, akasema, na akipanda freti za juu, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, sauti inatoka kali kuliko wenzake, mpaka mpiga kinanda anamgeukia katikati ya wimbo. Mwalimu wa kwaya ameshamwambia hilo gitaa ni bovu, atafute lingine, na wanakwaya wameanza kumchangia.

Nikalishika, nikafumba jicho moja, nikatazama shingo kuanzia kichwani kuelekea tumboni, vile seremala anavyotazama ubao kabla ya kuununua. Imekunja mgongo kama upinde. Juu ya freti ya 12 uzi mnene ulikuwa umesimama milimita 5 kamili. Kubonyeza uzi wa namna hiyo ni kazi ya kukamua nguo.

Gitaa halikuwa bovu. Tangu litoke dukani hakuna aliyelitega, yaani kulirekebisha shingo na nyuzi zikae sawa. Baada ya kama saa moja alilipiga, akasimama, akalipiga tena, akaniuliza nimebadilisha nini. Nilikuwa nimeweka nyuzi mpya na kukaza vitu vinne kwa spana mbili.

Naandika haya kwa ajili yake na kwa wengine mnaoanza, maana fedha nyingi za wapiga besi wachanga zinapotelea kwenye gitaa la pili kabla la kwanza halijapewa nafasi.

Anzia hapa: nyuzi nne za besi zikiwa zimetyuniwa, yaani zimekazwa hadi sauti zake sahihi, zinavuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70. Mbao peke yake haiwezi kuhimili mvuto huo mwaka hadi mwaka bila kujikunja. Kwa hiyo ndani ya shingo kuna nondo, trasrodi, inayofanya kazi kinyume na nyuzi. Nyuzi zinavuta mbele, nondo inarudisha nyuma. Na kwa kuwa mbao hunywa unyevu na kuutoa, mizani hiyo haikai pale pale. Gitaa lililotegwa Arusha wakati wa kiangazi likiteremka Dar msimu wa masika, shingo itasogea. Haijaharibika hapo. Hiyo ndiyo tabia ya mbao.

Shingo inatakiwa ijipinde mbele kidogo sana, kwa sababu uzi ukipigwa unacheza kwa upana, hasa katikati yake, na unahitaji nafasi. Kupima ni hivi: tyuni kwanza. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza, na kwa mkono wa pili ubonyeze kwenye freti ya mwisho. Sasa uzi umekuwa rula iliyonyooka. Tazama nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Mimi natafuta kama milimita 0.3. Huna kipimo cha mafundi magari? Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina unene wa kama milimita 0.1, kwa hiyo kata vipande vitatu, vibane pamoja, umwombe mtu avipitishe hapo. Vikipita kwa kugusa kidogo, uko sawa. Vikipita na nafasi ikabaki, shingo imejipinda mno: kaza. Visipopita kabisa, shingo imenyooka kupita kiasi au imejikunja kinyume: legeza. Ukiwa unalitazama tundu la nondo, pale spana inapoingia, uso kwa uso, kulia kunakaza na kushoto kunalegeza, kama nati yoyote ya baiskeli.

Robo mzunguko, halafu acha. Tyuni upya, pima, na ikibidi lilaze mpaka kesho ndipo uongeze. Ukikuta inagoma, usiilazimishe. Nalisema hili nikiwa na kovu. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi niliingiza spana ya milimita kwenye tundu la inchi. Ilionekana imekaa, nikazungusha kwa nguvu, nikasikia kitu kikilegea mkononi mithili ya jino linalong'oka. Pembe sita za tundu zilikuwa zimegeuka duara. Mwenye gitaa alikuwa muungwana, lakini ile bili niliilipa mwenyewe, na shingo ile ikabidi itolewe nzima. Magitaa yenye asili ya Marekani mengi ni ya inchi, ya Japani mengi ni ya milimita. Spana ikicheza hata kidogo ndani ya tundu, si yake.

Shingo ikishatulia ndipo ushuke kwenye daraja, kule nyuzi zinakoanzia. Kila uzi una kibebeo chake chenye skrubu mbili ndogo za kukipandisha na kukishusha. Rula ya mkebe wa shule itakufaa, ila ina kipande kitupu kabla ya sifuri. Kisugue kwa msasa mpaka sifuri iwe ukingoni. Isimamishe juu ya freti ya 12. Kwa anayeanza napenda uzi mnene uwe milimita 2.5, mwembamba milimita 2. Wapo wanaotaka chini ya hapo, na wapo wapiga besi wa rumba wenye mikono ya chuma wanaotaka juu, wapige kwa nguvu bila freti kulia. Tega uone mkono wako unasemaje. Mngurumo wa freti ukitokea tano za mwanzo tu, mara nyingi shingo imenyooka mno. Ukitokea kule juu kuanzia ya 12, nyuzi zimeshuka mno.

Sasa lile tatizo la mpiga kinanda. Freti ya 12 ni nusu kamili ya urefu wa uzi, kwa hiyo sauti yake lazima iwe ile ile ya uzi mtupu, usiobonyezwa, oktavu moja juu, yaani noti ile ile kwa mitetemo mara mbili. Gusa uzi juu ya freti hiyo bila kuubonyeza, piga, inua kidole: itatoka sauti nyembamba kama kengele. Kisha ubonyeze hapo hapo upige. Tyuna, kifaa cha kupimia sauti ya uzi, ikionyesha ile ya kubonyeza ni kali zaidi, uzi ni mfupi. Rudisha kibebeo nyuma, mbali na shingo. Ikiwa nzito, kisogeze mbele. Legeza uzi kwanza kabla ya kusogeza, na usifanye zoezi hili kwenye nyuzi zilizochakaa, utazunguka siku nzima. Kijana wetu alikuwa na kosa hilo mara mbili: vibebeo vilikuwa vimesogezwa mbele mno, na nyuzi zilikuwa juu kiasi kwamba kila akizibonyeza anazinyoosha, na uzi ukinyooshwa unapanda.

Mfuatano wenyewe usiuvuruge: shingo, kimo, kisha urefu. Ukianza na urefu, ukija kugusa shingo utarudia kila kitu.

Kuhusu tyuna ya kwenye simu. Uzi wa E, ule mnene, unatetemeka mara 41 kwa sekunde, na maikrofoni nyingi za simu zinahangaika kuusikia kule chini, sindano inacheza ngoma. Tumia ile kengele ya freti ya 12, inayotoka kama hezi 82, yaani mitetemo 82 kwa sekunde, simu itaishika. Na kwa sababu hiyo hiyo usijifunze besi kwa spika ya simu. Unachosikia pale ni kivuli chake. Vaa hedifoni, hata za bei ndogo.

Nyuzi zinastahili maneno kidogo. Pwani chumvi inazila, jasho linamalizia. Nyuzi za kusokotwa kwa waya wa mviringo zinang'aa zikiwa mpya na kufa mapema; zile za waya bapa ni laini kidoleni, sauti yake ni ya duara na nzito, zinadumu miaka. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi za kampuni ya muziki ya Motown kule Detroit, Marekani, alitumia nyuzi bapa kwenye besi ya Fender aina ya Precision ya 1962 na alijulikana kwa kutozibadilisha mpaka zikatike. Kwa anayepiga taarabu au rumba ya zamani nashauri bapa bila kusita, ingawa bei yake inauma. Na kama huna fedha za seti mpya mwezi huu, zichemshe. Kweli. Zitoe, zikunje mduara, sufuria ya maji, dakika 10, zikaushe kabisa kabla ya kuzirudisha. Mafuta na uchafu vinatoka, mng'ao unarudi kwa siku kadhaa. Kutu haitoki. Na usitumie sufuria ya wali.

Haya, kununua.

Ukienda Kariakoo au kwa dalali wa mtumba, rangi itakuita kwanza. Iache iite. Fumba jicho moja utazame shingo. Upinde wa mbele au wa nyuma unarekebishika nondo ikiwa hai. Shingo iliyosokoteka, upande mmoja umepanda na mwingine umeshuka kama kipande cha mbao kilichoachwa juani, nondo haiwezi kuinyoosha. Hiyo mwachie mwenyewe. Bonyeza kila freti ya kila uzi, zote, hata muuzaji akikuna kichwa. Tazama mabonde chini ya nyuzi kwenye freti za mwanzo. Yakiwa ya kina, kuna gharama mbele yako. Vitufe vikikwaruza ukivizungusha, usiogope, mara nyingi ni vumbi, ila tumia kelele hiyo kuteremsha bei.

Jina kichwani lisikutie wazimu. Leo Fender, mtengenezaji wa magitaa wa Marekani, alitoa Precision mwaka 1951, ikiwa na urefu wa uzi wa inchi 34, Jazz ikafuata 1960, na tangu hapo maumbo hayo mawili yamenakiliwa dunia nzima, na stika ya jina ni karatasi tu. Squier ni chapa ya Fender yenyewe ya bei nafuu, na si aibu kuipiga. Yamaha na Ibanez za daraja la chini nimezitega nyingi na sikumbuki iliyonishinda. Mwenye mkono mfupi, au mtoto, atafute ya inchi 30. Atasikia utofauti siku hiyo hiyo.

Gitaa likiwa na betri ya volti 9 nyuma, ujue linaliwa muda wote waya ukiwa umechomekwa, hata kama hupigi. Chomoa. Nimeletewa "pikapu zilizokufa", yaani sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi, ambazo dawa yake ilikuwa betri ya dukani kwa Mangi.

Sasa ampli, kikuza sauti, na hapa nakuomba usome polepole. Ampli za mtumba kutoka Japani zimetengenezwa kwa volti 100, za Marekani kwa 120. Ukutani kwetu kuna 230. Geuza ampli, soma maandishi karibu na mahali waya wa umeme unapoingilia, kabla hujachomeka chochote. Ikiandikwa 100V unahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi ule ampli inayoutaka, la sivyo utasikia pafu moja, harufu, na fedha yako imekwenda. Muuzaji atakuambia "inawaka, tumejaribu". Mwambie ajaribu tena mbele yako.

Na ukiona plagi ya pini tatu iliyokatwa waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini, usiguse. Besi mkononi, mdomo kwenye maikrofoni, ethi hakuna: umeme unaweza kupita kwako. Kelele ya mmm inayotulia ukishika nyuzi ni jambo la kawaida. Mwasho mdomoni si wa kawaida hata kidogo, zima kila kitu.

Chumbani wati 15 au 20 zinakutosha. Penye ngoma halisi anzia 150. Besi inakula nguvu kuliko gitaa la solo kwa sababu sauti za chini zinadai hewa nyingi isukumwe, na ndiyo maana ukichomeka besi kwenye ampli ndogo ya solo ukafungulia, spika inaanza kukohoa, kisha inachanika.

Kwa mfuko mdogo mimi ningegawa hivi: kama sita ya kila kumi kwenye gitaa, tatu kwenye ampli, na iliyobaki kwenye nyuzi, mkanda mpana wa begani na waya mzuri. Mkanda mwembamba utakukata bega kabla ibada haijafika nusu.

Kijana wa kwaya aliondoka bila kunilipa yote, tumekubaliana mwisho wa mwezi. Juzi akanitumia ujumbe wa sauti: ule mchango wa wanakwaya haukurudishwa, kwa hiyo anaona anunue besi ya nyuzi tano, fundi waonaje? Nimemwambia uzi wa tano, ule B, uko hezi 31, na ampli yao ya kanisani ni ya wati 30. Mchango huo uende kwenye ampli. Tiki mbili za bluu ziko pale tangu jana asubuhi, hajanijibu.