Je, wajua kwa nini diski zilizofungwa kwenye kadi ya RAID hazionekani kwenye Windows?

Diski 4 zinanguruma, taa za kadi zinawaka, lakini kisakinishi cha Windows kinadai hakuna diski hata moja. Wengi hukimbilia kutafuta draiva, programu inayoiwezesha Windows kuongea na kadi, na mara nyingi wanahangaika bure.

Kadi ya RAID, yaani kadi inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, hukaa kati ya diski na Windows kama pazia. Kwa kadi nyingi, Windows huona diski pepe tu, yaani diski ya kimantiki iliyoundwa ndani ya kadi kutokana na diski halisi. Usipoiunda, hakuna cha kuona. Kwenye LSI MegaRAID 9260-8i, kadi inayouzwa sana mtumba, hata diski ikiwa moja tu huundiwa RAID 0 yake (mpangilio usio na nakala ya akiba) ndipo itokee.

Kadi hiyo ni ya PCI Express yenye njia 8, kwa hiyo itafutie sloti ndefu. Iwekee na feni ndogo: imeundwa kwa seva zenye upepo mkali, na ndani ya kompyuta ya mezani iliyotulia huchemka mno.

Kisha kebo. Tundu moja la SFF-8087, lile lililo kwenye kadi, hugawanyika kuwa vichwa 4 vya SATA, yaani vya kebo ya data ya diski, na kebo hizi ni za aina mbili zinazofanana kama pacha. Moja hutoa data kwenye kadi kwenda kwenye diski. Nyingine imefungwa kinyume, kutoka SATA za ubao mama kwenda kwenye kizimba cha diski. Ukikosea, diski zitazunguka kama kawaida, maana umeme zinaupata kwingine, lakini kadi haitaziona. Soma maelezo kabla ya kulipa. Kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Washa kompyuta na ubonyeze Ctrl na H kadi inapojitambulisha. Kama ujumbe wake hautokei, washa CSM (hali ya kuendesha vitu vya zamani) kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, kwani menyu ya kadi ni ya mtindo wa kabla ya UEFI, mfumo mpya wa kuwashia kompyuta. Ndani yake fungua "Configuration Wizard". Hapa uwe macho: "New Configuration" hufuta mpangilio wote uliopo. Kama kuna diski pepe yenye data, chagua "Add Configuration".

Diski 4 za TB 2 kwenye RAID 5, mpangilio unaostahimili diski moja kufa, hukupa TB 6, kwa sababu nafasi ya diski moja huliwa na taarifa za kurejesha data. Usiifanye TB 6 yote diski pepe moja: Windows iliyosakinishwa kwa MBR, mtindo wa zamani wa kugawa diski, haitumii zaidi ya TB 2. Kata ya kwanza ya GB 100 kwa ajili ya mfumo, kinachobaki kiwe diski pepe ya pili ya GPT, mtindo mpya usio na kikomo hicho. Malizia na "Fast Initialize". Ikiwa bado Windows haioni kitu, sasa ndiyo zamu ya draiva: iweke kwenye flashi uipakie kisakinishi kikiwa wazi.

Uandishi wa data kwenye diski ukiwa wa kobe, angalia betri ya kadi. Bila betri nzima, kadi huacha kuhifadhi data kwenye kumbukumbu yake ya MB 512 na husubiri diski imalize kila andiko. Unaweza kuilazimisha itumie kumbukumbu hiyo hivyo hivyo, lakini umeme ukikatika, kilichokuwa hakijafika kwenye diski kimepotea.