Ajali za Wanaanga: Hatari Iko Katika Kupaa na Kurudi

Wengi wakifikiria kifo cha mwanaanga humwona mtu aliyepotelea gizani, mbali na Dunia, asiyeweza kufikiwa na yeyote. Kumbukumbu za safari hizi zinaonyesha vingine. Tangu Yuri Gagarin alipoizunguka Dunia mwaka 1961, watu 18 wamefariki safarini katika vyombo vya obiti, yaani vya kuizunguka Dunia au kwenda mbali zaidi, kwa ajali nne, na wote walikuwa ama wanapaa ama wanarudi. Wengine watatu, Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee wa Apollo 1, chombo cha Marekani cha mpango wa kwenda Mwezini, hawakuwahi hata kuondoka: walifariki tarehe 27 Januari 1967 katika zoezi la ardhini, moto ulipozuka ndani ya chumba kilichojaa oksijeni tupu, huku mlango wake ukifungukia ndani na shinikizo la hewa likiukandamiza usifunguke.

Sababu kubwa ni mwendo. Chombo kinachoizunguka Dunia huenda takriban kilomita 28,000 kwa saa. Mwendo huo hupatikana kwa dakika chache za kuunguza mafuta mengi mno, na wakati wa kurudi hupunguzwa hasa na angahewa, kwa joto kali. Kosa linalotokea katika vipindi hivyo viwili halimpi mtu nafasi ya kufikiri. Apollo 13 ilipopasukiwa na tangi la oksijeni njiani kuelekea Mwezini mwaka 1970, wahandisi walikuwa na siku kadhaa za kutafuta njia, na watu wote watatu walirudi hai.

Ajali ya Soyuz 11, chombo cha Muungano wa Kisovieti, ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ndiyo pekee iliyoua watu wakiwa juu ya angahewa. Georgi Dobrovolsky, Vladislav Volkov na Viktor Patsayev walikuwa timu ya akiba, na walipewa safari hiyo baada ya madaktari kumzuia mmoja wa timu ya kwanza. Waliishi zaidi ya wiki tatu katika kituo cha angani cha Salyut 1, kisha tarehe 30 Juni 1971 wakaanza kurudi. Chombo kilipojitenga na sehemu zake nyingine, kwenye kimo cha kilomita 168 hivi, mtikisiko wa baruti za kutenganishia ulifungua vali ndogo ya hewa ambayo ilipaswa kufunguka karibu na ardhi tu. Vali hiyo ilikuwa chini ya viti. Kuifunga kwa mkono kulihitaji muda mrefu kuliko sekunde chache ambazo mtu hubaki na fahamu hewa inapomtoka, na ilikutwa imefungwa nusu tu. Hawakuvaa suti za kuhifadhi hewa, kwa sababu watu watatu wenye suti wasingeenea mle ndani. Kapsuli, yaani sehemu ya chombo wanamokaa watu, ilitua Kazakhstan kama kawaida, kwa parachuti, na waliokwenda kuipokea hawakujua lolote mpaka walipofungua mlango. Baada ya hapo Soyuz ilibeba watu wawili wenye suti, na wa tatu hakurudishwa hadi mwaka 1980. Miaka minne kabla ya ajali hiyo, Vladimir Komarov alikuwa amefariki katika Soyuz 1 baada ya parachuti zake kushindwa kufunguka ipasavyo.

Ajali mbili za Marekani ni za namna nyingine, na kwa maoni yangu ndizo nzito zaidi, kwa sababu kasoro zilikuwa zinajulikana. Pete za mpira zilizoziba maungio ya roketi za pembeni za chombo cha Challenger zilikuwa zimeshaonekana kuunguzwa na gesi katika safari zilizotangulia. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi hizo, walipinga kuzirusha kwenye baridi, kwa kuwa mpira ukipoa hukakamaa. Wakubwa wao wakabadili uamuzi. Asubuhi joto lilikuwa nyuzi 2 hivi za Selsiasi. Moshi mweusi ulitoka kwenye ungio mara tu roketi zilipowashwa, na sekunde ya 73 chombo kikasambaratika na watu wake saba, akiwemo mwalimu Christa McAuliffe.

Columbia, chombo cha aina hiyo hiyo, nayo ilipigwa na kipande cha povu la kukingia joto kilichong'oka kwenye tangi lake la mafuta, chepesi kuliko kilo moja, sekunde 82 hivi baada ya kuruka tarehe 16 Januari 2003. Povu lilikuwa limeanguka mara nyingi bila madhara makubwa, kwa hiyo lilizoeleka, na wahandisi walioomba bawa la kushoto lipigwe picha kutoka angani hawakukubaliwa. Tarehe 1 Februari, gesi ya moto iliingia kupitia tundu la bawa hilo, na chombo kikakatika juu ya Texas zikiwa zimebaki dakika 16 kutua.

Vyombo hivyo vya Marekani havikuwa na njia ya kuwatoa watu roketi inapoharibika. Soyuz ilikuwa nayo. Tarehe 11 Oktoba 2018, kitambuzi kilichopinda wakati wa kuunganisha roketi kilifanya kipande cha pembeni cha roketi ya Soyuz kigonge mwili wa roketi hiyo, dakika mbili hivi baada ya kuruka. Mtambo wa kuokoa uliirusha kapsuli mbali wenyewe, na Aleksey Ovchinin na Nick Hague wakatua salama Kazakhstan. Machi 2019 walipaa tena pamoja.