Uangavu wa Ziwa Tahoe Si Dalili ya Samaki Wengi

Kila kiangazi wageni ninaowapeleka kuvua hunijia na hoja ile ile, na msimu huu imenichosha: kwamba Ziwa Tahoe lina maji maangavu mno, kwa hiyo lazima limejaa samaki, na anayerusha ndoana ufukoni saa sita mchana bila kupata kitu amekosa bahati tu. Ukweli ni kinyume chake.

Maji haya yanang'aa kwa sababu yana mwani kidogo, na mwani ukiwa haba, viumbe wadogo wanaolisha samaki huwa haba pia. Ziwa lenyewe, lililo mpakani mwa California na Nevada kwenye mwinuko wa mita 1,897 na lenye kina kinachofikia mita 501, ni la baridi na maskini wa virutubisho. Isitoshe, mwanga hupenya mbali sana, na jua likishapanda samaki wakubwa aina ya trauti huukimbia.

Linaloniudhi zaidi ni kusikia uduvi ukitajwa kuwa neema kwa samaki wote. Uduvi wa Mysis uliletwa hapa miaka ya 1960 ili uwe chakula cha samaki. Mchana hujificha gizani kilindini, usiku hupanda kula, wakati ambao kokani, samoni wa ziwani anayewinda kwa macho, hawezi kuuona. Ukawala dafnia, vijidudu vya majini vilivyo chakula kikuu cha kokani, hadi wakakaribia kutoweka kabisa. Aliyekusudiwa kulishwa akanyang'anywa chakula. Hata hivyo, nikimpasua makino mdogo, aina ya trauti wa maji ya kina, aliyevuliwa kilindini, mara nyingi tumbo lake huwa limeshindiliwa uduvi. Neema ipo, ila imekwenda kwa samaki mmoja, ambaye akishakua huwala kokani.

Kwa hiyo anayetaka makino aondoke alfajiri, atafute mteremko mkali kwa sona, chombo kinachopima kina kwa sauti, ashushe chubwi mita 30 hadi 60, wakati mwingine zaidi, na chambo kipite polepole mita moja au mbili juu ya sakafu. Atarajie samaki wa kilo moja au mbili. Yule wa karibu kilo 17 aliyevuliwa hapa mwaka 1974 ni rekodi, wala haifai kumpangia safari. Kokani huvuliwa Julai na Agosti, na kadiri maji ya juu yanavyopata joto ndivyo anavyozama. Midomo yake ni laini, hivyo mshipi usivutwe kwa nguvu.

Vitabu humpangia makino maji ya nyuzi 10 za Selsiasi hivi, nami nina shaka na uhakika huo, kwa kuwa mara kwa mara humkuta kwenye baridi kali zaidi. Nashuku kwamba chakula humvuta kuliko joto, ingawa sina kipimo cha kulithibitisha hilo. Habari kwamba mwezi mpevu huathiri uvuvi hazijanishawishi kamwe.

Asiye na boti naye ana nafasi, ila si kwenye maji yaliyotulia kama kioo. Alasiri upepo wa kusini-magharibi huchafua uso wa ziwa, mawimbi huvunja mwanga na kutibua chakula kwenye miamba, na trauti wa kahawia husogea maji mafupi. Boti ndogo zinapokimbilia bandarini, ndipo mvuvi wa ufukoni, upande unaopigwa na mawimbi, anapopaswa kurusha.