Nani alifungua milango ya uchumi Tanzania?

Dhana: Ujamaa ulikwisha siku serikali ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), Agosti 1986, na Rais Mwinyi, aliyempokea Nyerere, "Mzee Ruksa", ndiye aliyewaruhusu watu kufanya biashara.

Ukweli: ruksa ilipotoka, watu walishaanza zamani. Aili Mari Tripp, mtaalamu wa sayansi ya siasa, alizunguka mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese na Buguruni mwishoni mwa miaka ya 1980 akiuliza watu wanaishije. Mshahara wa mwezi ulikuwa haumalizi hata wiki. Aliyeilisha nyumba ni mama aliyeamka alfajiri kukanda unga wa maandazi na kupuliza mkaa, ili beseni liwe limejaa kabla watu hawajaenda kazini. Nesi alifuga kuku, karani alikuwa na cherehani. Mtaji ulitoka kwenye upato. Miradi hii, Tripp aligundua, iliingiza fedha nyingi kuliko ajira yenyewe.

Serikali ilijaribu kuizima. Mwaka 1983 ulikuwa wa msako wa wahujumu uchumi na wa sheria ya Nguvu Kazi. Walioonekana hawana kazi walipakiwa kwenye malori kurudishwa vijijini. Wengi walirudi mjini. Mwaka huohuo daladala zikaruhusiwa rasmi, na bajeti ya 1984 ikamruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa alizipataje. Nyerere alikuwa bado Ikulu! IMF ilikuja na masharti mazito, kushusha thamani ya shilingi likiwemo, lakini ilikuta mlango umeshasukumwa kutoka ndani.

Dhana: wote hao walikuwa walanguzi. Hapana. Aliyeficha sukari ghalani akingoja bei ipande na muuza maandazi walitiwa kapu moja, na naona hilo lilikuwa dhuluma.

Dhana: soko huria liliwaweka wote mstari mmoja.

Ukweli: Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa kwenye kampuni, mishahara miwili au nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991, Azimio la Zanzibar liliondoa makatazo hayo. Mwenye cheo akaingia sokoni na jina lake, watu wake na njia ya kufika benki. Mama wa maandazi aliingia na beseni lilelile, akiangalia kama mgambo wanakuja.