Seva Inapomkataa Mpokeaji Aliyepo

Kila anayeendesha seva yake mwenyewe ya barua pepe atakutana na jibu la 550 5.1.1, linalodai kwamba mpokeaji hajulikani, ilhali sanduku la mpokeaji huyo lipo na jana tu lilipokea barua. Wengi hukimbilia kuunda akaunti upya au kulegeza masharti. Ninaomba usiguse chochote kabla ya kusoma mstari mzima wa logi (faili la kumbukumbu za seva), kwa sababu katika Postfix, programu ninayoitumia, maneno yanayofuata msimbo ule hutaja jedwali lililoulizwa, yaani orodha ya wapokeaji ambamo seva ilitafuta.

Nilijifunza hilo nilipohamisha watumiaji wangu kutoka akaunti za mfumo wa uendeshaji kwenda kwenye hifadhidata. Kulipokucha, kila barua ilikuwa ikikataliwa, na katika /var/log/mail.log yalijirudia maneno haya: “User unknown in local recipient table”. Neno “local”, yaani wapokeaji wa ndani ya mfumo, ndilo lililonifumbua macho. Vikoa (sehemu ya anwani inayofuata @) vilivyotajwa katika mpangilio wa Postfix uitwao mydestination hutafutiwa wapokeaji katika local_recipient_maps, yaani, kwa kawaida, akaunti za mfumo pamoja na anwani mbadala. Vilivyotajwa katika virtual_mailbox_domains hutafutiwa katika virtual_mailbox_maps, ambayo kwangu ilielekeza kwenye hifadhidata. Nilikuwa nimekiingiza kikoa changu katika orodha ya pili bila kukiondoa katika ya kwanza, kwa hiyo Postfix iliendelea kuuliza akaunti za mfumo ambazo nilikwisha kuzifuta, na hifadhidata haikuulizwa kamwe. Onyo kuhusu kosa hilo lilikuwamo kwenye logi tangu mwanzo.

Ikiwa jedwali lililotajwa ndilo sahihi, liulize wewe mwenyewe: amri ya postmap -q, ikifuatwa na anwani kamili na jina la jedwali, hurudisha thamani iliyopatikana, au hukaa kimya ikiwa anwani haimo. Ukimya huo, kwa jedwali la aina ya hash, ambalo postmap hulitengeneza kutoka faili la maandishi, mara nyingi humaanisha kwamba faili la maandishi lilihaririwa lakini postmap haikuendeshwa tena, hivyo seva inasoma nakala ya zamani.

Jibu la 554 5.7.1 lenye maneno “Relay access denied”, yaani seva inakataa kupitisha barua kwenda kwingine, ni suala jingine: ama kikoa hakimo katika orodha yoyote, ama mtumaji wako hajajitambulisha kwa nywila.

Jambo linalopotosha zaidi ni mpangilio wa smtpd_delay_reject, ambao kwa chaguo-msingi umewashwa. Postfix husubiri hadi mpokeaji atajwe ndipo itoe uamuzi, hata kama kasoro iko kwa mtumaji au kwa kompyuta iliyounganishwa. Tafuta basi kama logi inasema “Recipient address rejected”, “Sender address rejected” au “Client host rejected”, usije ukatengeneza sanduku lisilo na hitilafu.

Usiache local_recipient_maps tupu ili kupunguza malalamiko: seva itapokea barua za majina yasiyokuwapo, kisha itawarudishia watu ambao anwani zao zilighushiwa, na mwishowe itaingizwa kwenye orodha za kuzuiwa. Unapochunguza, weka soft_bounce = yes, ambayo hugeuza majibu ya kudumu ya kukataa ya seva yako kuwa ya muda, ili seva za watumaji zijaribu tena baadaye; Postfix, kwa mfano, huishikilia barua kwenye foleni kwa siku 5. Barua ya majaribio kutoka nje ikishafika, ondoa soft_bounce na uendeshe postfix reload.