Jasho Thelujini: Dhana za Barazani kwa Anayekwenda Kupanda Vilima Italia

Malindi ni nadra kumpata mtu asiye na ndugu au jirani Italia. Disemba hii ni zamu ya mpwa wangu, na wenyeji wake wamemwahidi siku ya kutembea vilimani katika theluji mpya. Barazani kila mwenye kikombe cha kahawa anamuusia kuhusu baridi asiyowahi kuiona. Mimi niliyepita huko niliuma ulimi mpaka nikashindwa.

“Vaa kila nguo uliyo nayo.” Hii ndiyo iliyonitia adabu. Siku yangu ya kwanza nilivaa fulana mbili za pamba, jinzi, sweta na koti zito. Nusu saa ya kupanda, nimelowa kama mvuvi anayevuta jarife. Kwetu jasho ni rehema: kaskazi ikikupitia, unapoa. Thelujini jasho hufanya kazi ile ile, ila huna pa kulizimia. Nilipoketi kupumzika, ile pamba iliyolowa ilinyonya joto lote mwilini, meno yakaanza kugongana. Nguo ya ndani iwe ya sufu au poliesta, kisha sweta jepesi, juu yake koti la kuzuia upepo. Anza safari ukihisi kibaridi, vua kabla hujatoka jasho, vaa mara unaposimama.

“Theluji ni barafu tu, kama ya sanduku la samaki.” La. Theluji mpya karibu yote ni hewa. Sentimita 10 zikiyeyuka hutoa takriban sentimita 1 ya maji. Mguu unazama. Aliyepanda vilima vya mchanga vya Mambrui anajua nusu ya habari; nusu ya pili ni kwamba njia, vijito na mashimo vyote vimefunikwa. Hesabu ya muda wa kutembea milimani ya William Naismith, mpanda milima wa Scotland, ya mwaka 1892, ni saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Theluji ikifika magotini, zidisha mara mbili na bado usijisifu. Tena jua la Disemba kaskazini mwa Italia huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Panga saa ya kugeuka, na ugeuke hata kilele ukikiona.

“Namba 3 kati ya 5 si mbaya.” Mpwa alisema hivyo kuhusu kiwango cha tahadhari ya maporomoko ya theluji. Katika milima ya Alpi, siku za namba 3 ndizo zenye vifo vingi zaidi, na mara nyingi anayeporomosha theluji ni aliyeikanyaga mwenyewe au mwenzake. Miteremko ya digrii 30 hadi 45 ndiyo ya kuogopwa. Siku ya jua baada ya theluji kuanguka, ile yenye picha nzuri, mgeni abaki penye mteremko mpole na afuatane na mwenye kujua.

Mengine ni madogo. Miwani ya jua ni lazima, maana theluji mpya huakisi hadi asilimia 80 ya miale inayounguza macho. Ukiwa na kiu usile theluji, itakupoza. Beba chai ya tangawizi. Simu ikae ndani ya koti, betri haipendi baridi.

“Basi mjomba, nifungashe nini?”

Soksi za sufu, nikamwambia, na glavu jozi mbili. Ya kwanza utakuwa umeilowesha kabla ya adhuhuri.