Unayemlipa kodi ni nani hasa? Kwa wapangaji mliopanga kwa maneno tu

Hapa kwenye kituo chetu cha msaada wa kisheria wapangaji wanaokuja wengi wanatoka Mbagala, Tandale, Manzese, Buza, Vingunguti, humuhumu Dar es Salaam, na swali langu la kwanza huwa ni moja tu, mwenye nyumba wako anaitwa nani? Mtu ananyamaza kidogo halafu ananijibu "mzee", au "mama wa pale mbele", au "kuna kijana huwa anapitia kodi". Jina kamili hana. Kakaa miaka minne, kodi kalipa miezi sita sita bila kukosa, lakini anayemlipa hamjui jina. Simlaumu, ndo tulivyozoea, chumba umekipata kwa dalali, umelipa miezi sita na mwezi mmoja wa dalali juu yake, umepewa funguo, umeingiza godoro, basi. Kukiwa na amani hakuna anayeuliza. Swali linakuja siku mzee kafariki, au nyumba imeuzwa, au ndani ya wiki moja wamekugongea watu wawili tofauti na kila mmoja anataka kodi.

Kuna dada alikuja na daftari dogo la shule limekunjwa katikati, ndo risiti zake zote za kodi ziko humo. Ukurasa wa kwanza umeandikwa na mtu mzima, mkono unatetemeka kidogo lakini kila kitu kipo: jina la mzee majina matatu, kiasi, miezi gani mpaka gani, sahihi, na jirani kasaini kama shahidi. Ukurasa wa pili ni mwandiko mwingine kabisa, chini pameandikwa "kny" halafu jina la mzee yuleyule. Ukurasa wa tatu pana neno "nimepokea", kiasi na sahihi ya kukoroga. Jina hamna. Nikamuuliza mzee yuko wapi, akasema alifariki, tena msibani yeye mwenyewe alipika. Nikaangalia tarehe ya ule ukurasa wa tatu, ni miezi miwili baada ya msiba. Sasa katokea mtoto mwingine wa marehemu kutoka Morogoro anasema aliyepokea ile hela hakuwa na ruhusa, kwa hiyo dada alipe upya au atoke.

Zile herufi tatu, kny, kwa niaba ya, ndo zilizobeba kesi nzima. Kwenye ukurasa wa pili kijana wa mzee alikuwa anapokea kwa niaba ya mtu aliye hai. Kwenye ukurasa wa tatu alikuwa anapokea kwa niaba ya nani? Ruhusa aliyopewa na baba yake iliisha siku baba alipofariki. Mtu akifariki, mwakilishi wake hana tena anayemwakilisha, mpaka apatikane mtu mwenye mamlaka juu ya mali ya marehemu.

Hapa ndo pa kutulia kidogo maana watu wanachanganya mambo mawili. Mwenye nyumba kwa maana ya mmiliki, yule mwenye hati au leseni ya makazi (kibali cha muda cha kukaa eneo lisilopimwa) au karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa, ni jambo moja. Aliyekupangisha ni jambo lingine. Wanaweza wakawa mtu mmoja na wanaweza wasiwe. Kwenye sheria, upangaji wako uko na yule aliyekupangisha, yaani mtu ambaye kwa jina lake ulipewa chumba na kodi inalipwa kwake. Kama ulipokea chumba kutoka kwa mzee ukaishi kwa ruhusa yake, Sheria ya Ushahidi haikuruhusu ukiwa bado mpangaji umgeuke useme tangu mwanzo hakuwa na haki na nyumba ile ili ukwepe kodi. Nalisema hili kwa sababu kuna watu wakisikia tu nyumba ina mgogoro wa umiliki wanaacha kulipa kabisa, wanadhani wamepata mwanya, na hapo wanakuwa wamempa mtu sababu halali ya kuwatoa.

Na kukosa karatasi hakumaanishi huna upangaji. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua upangaji wa muda mfupi, wa mwaka mmoja au chini ya hapo, hata kama mlikubaliana kwa mdomo tu. Shida ya maneno ni kuthibitisha, maana mkifika mbele ya baraza kila mtu atakumbuka anavyotaka yeye.

Sasa wale watu unaowaona kwenye nyumba. Dalali ni mtu wa kukuonyesha na kuwakutanisha, kazi yake ikiisha imeisha, na kodi ya miezi sita haitakiwi kuishia mkononi mwake bila aliyempa nyumba kusema kwa kinywa chake kwamba mpe huyu. Msimamizi wa nyumba anaweza kukusanya kodi, kufunga bomba, hata kukupa notisi, lakini anayafanya yote hayo kwa jina la mtu mwingine na una haki ya kuuliza ni nani. Halafu kuna huyu ambaye watu hawamstukii, mpangaji mwenzako aliyechukua nyumba nzima au vyumba vitatu, akakugawia kimoja. Wewe aliyekupangisha ni yeye. Mwenye nyumba anaweza hata asijue kama upo, na siku muda wa yule mpangaji mkubwa ukiisha, na wewe umesimama pabaya. Ukiona unayemlipa naye analalamika "kodi yangu imekaribia", muulize palepale kama mwenye nyumba anajua kwamba kakupangisha.

Kuna na jambo la mume na mke ambalo wengi hawalijui kabisa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema nyumba ya wanandoa, mmoja wao hawezi kuiuza, kuiweka rehani wala kuipangisha bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo kama unapangishwa nyumba ambayo wao wenyewe walikuwa wanaishi na sasa wanahama, sahihi ya mmoja haitoshi, omba na ya mwenzake. Nimeona mtu kaingia na watoto, wiki ya pili mama anarudi na ndugu zake, anasema mimi sijapangisha nyumba yangu.

Nirudi kwenye mirathi maana ndo panapoumiza watu zaidi. Mtoto wa kwanza hawi mwenye nyumba kwa kuwa wa kwanza, wala mjane, wala anayeishi mle ndani, wala shangazi mwenye sauti kubwa kwenye vikao. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina, wanaandika muhtasari wanasaini, halafu ule muhtasari unapelekwa mahakamani, na mahakama ndo inateua msimamizi wa mirathi na kumpa barua ya usimamizi yenye muhuri wake. Mtu akikuletea muhtasari wa kikao peke yake akasema "mimi ndo nimechaguliwa", mwambie kwa heshima, pole na msiba baba, ila naomba kuona barua ya mahakama. Piga nayo picha. Ina jina la marehemu, jina la msimamizi na namba ya shauri, na hiyo namba unaweza kwenda nayo mahakamani ilipotoka ukaulizia. Msimamizi naye anakusanya kodi kwa ajili ya warithi wote, kwa hiyo risiti aandike jina lake na aongeze "msimamizi wa mirathi ya marehemu fulani".

Tena hili lina uzito siku unataka kudai. Ukipeleka shauri dhidi ya mtu aliyekwisha fariki halisimami, unatakiwa umtaje msimamizi wake. Watu wanapoteza miezi kwa kosa la jina tu.

Kumjua mtu wako anza na simu yako mwenyewe. Ukituma kodi kwa M-Pesa au Airtel Money au mtandao wowote, kabla hujaweka namba ya siri linakuja jina, na meseji ya muamala inabaki na jina, tarehe na kiasi. Msifute hizo meseji, piga skrinshoti mjitumie sehemu nyingine, simu zinaibiwa. Na kama jina lililotokea siyo la mtu unayemjua, usibonyeze kwanza, mpigie umuulize huyu ni nani na kwa nini kodi iende kwake, jibu akuandikie kwa meseji. Kulipa mkononi bila shahidi ndo kubaya kuliko vyote. Halafu angalia bili ya maji ya DAWASA imeandikwa jina la nani, na mita ya umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, imesajiliwa kwa nani. Haya majina siyo uthibitisho wa umiliki, mita nyingi zina jina la marehemu au la mtu aliyeuza zamani, ila yanakupa pa kuanzia kuuliza. Na kwa kuwa tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU, jueni kwamba mdaiwa wa ile hela ni mwenye jengo, nyie mnanunua umeme tu, kwa hiyo mna haki ya kukaa naye mwelewane irudishwe kwenye kodi ya pango.

Baada ya hapo nenda ofisi ya serikali ya mtaa. Maeneo mengi yetu hayajapimwa, kwa hiyo ukisema ukafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati bila namba ya kiwanja na kitalu hupati kitu, lakini mwenyekiti na mtendaji wa mtaa wanajua nani alinunua kwa nani kwa sababu mauziano mengi yalifanyika mbele yao na muhuri wao upo. Uliza wazi kabisa, mimi ni mpangaji nyumba fulani, nataka kujua mnayemtambua ni nani. Wazee waliokaa mtaa ule miaka mingi nao waulizwe. Kama eneo limeshafanyiwa urasimishaji, yaani limepimwa na kutambuliwa rasmi, au lilipewa leseni za makazi, kumbukumbu ziko halmashauri.

Wakitokea wawili wanaodai kodi, usichague upande na usiitumie ile hela. Iweke pembeni kamili. Andika barua moja, kwa wote wawili, useme kodi ya miezi fulani ninayo, kiasi fulani, niko tayari kuilipa mkinionyesha nani mwenye mamlaka, na nakala peleka serikali ya mtaa wagonge muhuri kwamba wameipokea. Barua hiyo inaonyesha kwamba hukukataa kulipa. Mnunuzi mpya naye vilevile, kabla hujampa shilingi aje na aliyekuwa anapokea mwanzo, au barua yake, kodi uliyokwisha lipia miezi ya mbele itajwe humo.

Wakishindwa kuelewana kuna Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 kata haiamui tena migogoro ya ardhi, inasuluhisha tu, na ina siku 30 za kufanya hivyo, ikishindikana mnapewa cheti mnaenda nacho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Yule dada hakufika huko. Tuliwaita wale ndugu wawili, tukawawekea daftari mezani, wakakubali kodi ilishaingia kwenye familia na watadaiana wao kwa wao, wakaenda mahakamani kufungua mirathi. Alivyorudi kunionyesha ukurasa wa nne nilifurahi kweli, safari hii pana majina matatu na cheo cha aliyepokea.

Ukija kwetu au kwa msaidizi wa kisheria yeyote aliyesajiliwa huduma ni bure kwa asiye na uwezo, njoo na hilo daftari, njoo na simu yenye meseji zake, hata kikaratasi kilichochanika njoo nacho hivyohivyo, usikinakili upya.